Maswali ya Mbunge kwa Serikali Juu ya Fedha za Umma

(Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya maswali ambayo mjumbe wetu aweza kuiuliza Serikali kwa maandishi kuhusu fedha za umma. Twajua kwamba wengi wenu mlitazamia kwanza habari za karo na mazishi. Hayo yamo katika kurasa za mhazini, nayo yamekwisha kukaguliwa.

Baba zetu walijua uchungu wa kutoa fedha bila kuuliza. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika nchi hii mwaka 1901, na kodi ya kichwa ikafuata mwaka 1910. Baraza la Kutunga Sheria lilikutana mara ya kwanza mwaka 1907, walakini hapakuwa na Mwafrika ndani yake mpaka Bwana Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944. Hesabuni wenyewe: miaka 43 watu walilipa pasipo hata mtu wao mmoja wa kusimama pale na kuuliza fedha zimekwenda wapi. Tangu mwaka 1924 walisemewa na wamisionari wa Kizungu. Wako waliokuwa watu wema, lakini anayesemewa hachagui swali. Ndiyo sababu uchaguzi wa mwaka 1957, ulioingiza Waafrika 8 kwa kura za Waafrika, ulipokewa kwa shangwe kubwa.

Leo mlango u wazi, nasi twaupita kwa nadra. Mbunge aweza kutaka ajibiwe kwa mdomo au kwa maandishi. Jibu la mdomo lina makofi na vicheko, na jioni husikika redioni. Jibu la maandishi halina shangwe, lakini sisi twalipenda zaidi, kwa kuwa hukaa. Waziri akiandika tarakimu mwaka huu, na mwakani akaandika nyingine, karatasi mbili zitawekwa pamoja na kila mwenye macho atasoma.

Tutoe mfano wa deni. Katikati ya mwaka 2014 Kenya ilikopa dola za Marekani bilioni 2 kwa kuuza hati za dhamana katika masoko ya nje, na mwisho wa mwaka huo ikaongeza dola milioni 750. Sehemu ya miaka 10 ilikuwa na riba ya asilimia 6.875, nayo ilipaswa kulipwa Juni 2024. Ulipokaribia wakati huo, Februari 2024, Serikali iliuza hati mpya za dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu kubwa ya zile za kale. Riba ya hizi mpya ni asilimia 9.75. Maana yake, kwa kila dola 100 tulizokuwa tukitoa riba ya dola 6 na senti 87 na nusu kwa mwaka, sasa twatoa dola 9 na senti 75. Pengine hapakuwa na njia nyingine wakati ule. Wako wanaosema hivyo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Lakini mlipaji ana haki ya kuonyeshwa hesabu hiyo na mwenye kuifanya.

Mzee mmoja ametuuliza, deni la Nairobi lahusu nini zahanati yetu? Lahusu sana. Kwa kifungu cha 214 cha Katiba ya mwaka 2010, deni la umma limewekwa juu ya Mfuko Mkuu wa Serikali, yaani hulipwa humo kwa amri ya sheria bila kungoja kupigiwa kura kila mwaka. Zahanati iko chini ya kaunti, na kaunti hungoja mgao wake. Riba ikipanda, kinachobaki cha kugawanywa chapungua, na hapo ndipo kodi mpya hutafutwa. Juni 2024 tuliona Mswada wa Fedha ukipitishwa na Bunge tarehe 25 na kukataliwa na Rais siku iliyofuata, baada ya damu ya vijana kumwagika. Maswali mengi yaliyopigiwa kelele barabarani siku zile yalistahili kuulizwa na kujibiwa miezi mingi kabla.

Sasa namna ya kuuliza. Mbunge akiandika, "Je, Waziri anajua kwamba wananchi wanaumia?" atajibiwa kwamba Waziri anajua, na jambo linashughulikiwa. Karatasi imeharibika bure. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 211, imetupa kielelezo. Bunge la Taifa au Seneti likipitisha azimio, Waziri wa Fedha hana budi kuleta mbele ya kamati, katika siku 7, habari za mkopo wowote uliotajwa: jumla ya deni na riba yake, matumizi ya fedha, mpango wa kulilipa, na kiasi kilichokwisha kulipwa. Mbunge mmoja hana uwezo wa azimio peke yake, lakini aweza kuyachukua mambo hayo manne na kuyafanya swali lake. Ataje mkopo kwa mwaka wake, aombe tarakimu kwa shilingi na kwa dola, na aombe miradi kwa majina, si kwa mafungu kama "maendeleo" au "miundombinu", neno ambalo laweza kufunika barabara na pia shimo.

Na yaandikwe kwa Kiswahili. Lugha hii ilianza kutumika Bungeni mwaka 1974, nayo kwa kifungu cha 120 ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mzee aliyetoa kodi asihitaji mkalimani ili asome jibu lake.

Halmashauri imetunga maswali matatu: moja juu ya hati za mwaka 2014, moja juu ya zile za mwaka 2024, na moja juu ya fedha ambazo kaunti yetu imecheleweshewa. Karatasi iko mezani kwa mwandishi. Twaomba wazee waisome kabla ya chakula, wakate yasiyofaa, nasi tutampelekea Mheshimiwa Jumatatu kwa mkono na kutaka sahihi yake ya kupokea.