Baada ya Matanga: Mfiwa na Safari

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliponiomba nitoe mazungumzo, alitazamia kwamba nitasema juu ya utumishi serikalini, maana ndiyo kazi yangu tangu nilipomaliza Chuo Kikuu. Nimechagua jambo jingine. Wengi wenu mnajua kwamba nilifiwa na mke wangu, na kabla ya miezi mitano kupita nikafiwa na mama yangu mzazi. Ninyi ndio mlionizikia. Kwa hiyo haya nisemayo leo sikuyapata vitabuni peke yake.

Wahenga walisema: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Lakini hawakutuambia kwamba wa mbali wakishatoka, mfiwa afanye nini.

Kwetu sisi kila jambo la msiba lina hesabu yake. Waislamu wana matanga ya siku 3, na mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10. Watu wengi wa dini mbalimbali husoma au kuombea arobaini. Serikali nayo, katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, iliweka siku 4 za mapumziko yenye malipo kwa aliyefiwa na mwenzi wake, mzazi au mtoto. Hesabu hizi zote ni njema, kwani zinamwambia mfiwa kwamba dunia inamtambua. Walakini kila hesabu ina mwisho, na majonzi hayasomi kalenda. Siku ya arobaini na moja viti vya kukodi vimekwisha kurudishwa, turubai limeshushwa, na wewe umebaki na kitanda kikubwa kuliko mahitaji yako.

Hebu tutazame wenzetu wa mbali. Huko Marekani yako magari ya kulala ndani, yenye kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Wengi wanaoyatumia ni watalii na wastaafu. Lakini wamo pia wajane, wagane na wazazi waliozika watoto wao. Sinema iitwayo Nomadland, iliyotolewa mwaka 2020 na kupata tuzo ya Oscar ya sinema bora mwaka 2021, inasimulia habari za mama aliyefiwa na mumewe. Mji wao, Empire katika jimbo la Nevada, ulikufa nao mwaka 2011 kiwanda chake kilipofungwa. Basi mama yule anahamia garini. Mama huyo ni wa kubuni, lakini baadhi ya wanaoonekana naye katika sinema ni wasafiri wa kweli. Mmoja wao ni Bob Wells, ambaye yeye mwenyewe alifiwa na mwanawe. Tangu mwaka 2011 mzee huyu amekuwa akiwakusanya wasafiri wa namna hiyo katika jangwa la Arizona, wakati wa baridi, ili wafundishane maisha ya barabarani.

Huko, katika sehemu nyingi za ardhi ya umma, mtu huruhusiwa kupiga kambi bure, lakini kwa kawaida si zaidi ya siku 14. Kisha sharti ahame. Nilipoisoma kanuni hiyo nilicheka, kwani sijapata kuona kanuni ya ofisi inayomfaa mfiwa kuliko hiyo. Inamwambia: pumzika, lakini usiote mizizi hapa.

Je, barabara inamsaidia nini mfiwa? Kwanza, inampa kazi ndogo zisizongoja: mafuta, maji, upepo wa tairi, na mahali pa kulala leo. Pili, inamtoa mahali ambapo kila kikombe kina jina la marehemu. Tatu, watu wawili wakiwa garini hawatazamani usoni. Wote wanatazama mbele, na maneno mazito hutoka kwa urahisi zaidi.

Nami nilijaribu kwa uwezo wangu. Shemeji yangu aliniazima Hiace yake kuukuu. Fundi akang'oa viti vya nyuma, akaweka mbao na godoro. Nikachukua likizo yangu ya mwaka, nikamchukua mwanangu wa miaka 16, tukatoka Dar es Salaam na dumu mbili za maji na jiko dogo la gesi. Tulipita Morogoro, tukakatisha hifadhi ya Mikumi, tukapanda Kitonga polepole nyuma ya malori, hata tukafika Iringa. Usiku hatukuendesha, tulilala katika vituo vya mafuta, na mara mbili katika uwanja wa misheni.

Pale Kalenga, karibu na Iringa, tuliliona fuvu la Mtwa Mkwawa. Mkwawa alijiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza kirudishwe, lakini Wahehe hawakukabidhiwa fuvu hilo mpaka mwaka 1954. Mwanangu alipiga hesabu akasema, "Baba, miaka 56!" Kisha akanyamaza. Tulipokuwa njiani kwenda Songea ndipo aliponiambia kwamba siku zote za matanga watu walinipa mimi mkono, yeye akatumwa viti na maji. Hakuna aliyemwuliza yeye habari za mama yake. Basi nikamwuliza. Akanisimulia mpaka Njombe, na mengine katika hayo nilikuwa siyajui, ingawa nilikaa na mama huyo miaka 18.

Ndugu zangu, sisemi kwamba safari ni dawa. Majonzi ni abiria. Hupanda pamoja nawe, na tulipofika Mbamba Bay, mbele ya Ziwa Nyasa, yalishuka pamoja nasi. Tena si kila mtu ana shemeji mwenye Hiace. Lakini abiria huyo, akishapewa kiti chake, hakushikii tena usukani.

Kwa hiyo nina pendekezo. Mfuko wetu wa kusaidiana hugharimia sanda au jeneza, na usafiri wa maiti. Baada ya kaburi kufukiwa, daftari hufungwa. Napendekeza liongezwe fungu dogo la baada ya arobaini. Wawili kati yetu wamwendee mwenzetu, wamchukue safari pamoja na watoto wake, hata kama ni Bagamoyo kwenda na kurudi siku moja. Mfuko ulipe mafuta. Wasimhubirie wala wasimwambie ajikaze. Wamwache aseme akitaka, na watoto wapewe kiti cha mbele kwa zamu.

Tulipokuwa hapa, mwenzetu akipata barua ya msiba, kiranja alimteua mtu wa kumsindikiza mpaka kituo cha basi na kumbebea sanduku. Tulilijua jambo hili tungali watoto wenye kaptula.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.