Haki ya Mfanyakazi Siku ya Kupumzika

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru)



 Halmashauri imetutaka tueleze juu ya malipo ambayo mfanyakazi anastahili kupata zaidi ya mshahara wake: pensheni, kiinua mgongo, fidia na matibabu, ikiwa ameajiriwa na Serikali au na mtu binafsi.

Kila mwaka chama chetu huchanga fedha za kumzika, au kumtibu, au kumpatia nauli mtu aliyefanya kazi miaka 30. Hatusemi kwamba tuache wema huo. Lakini tumegundua kwamba mara nyingi mtu huyo alikuwa na fedha zake mwenyewe mahali fulani, wala hakuijua njia ya kuzifikia. Hilo ndilo neno letu la leo.

Wazee waliokaa katika mashamba ya Njoro, Molo, Subukia na Solai wanajua mambo yalivyokuwa, au walisimuliwa na baba zao. Chini ya sheria ya mwaka 1918, mtu aliyeruhusiwa kukaa na kulima katika shamba la mzungu alipaswa kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Nguvu zilipokwisha, na ruhusa ilikwisha. Alifungasha mizigo na kuondoka na watoto na mbuzi wake. Ilidhaniwa kwamba uzee wake utatunzwa na shamba la kwao. Lakini wengi walikuwa wamezaliwa hapa hapa Bonde la Ufa, na hawakuwa na shamba lingine la kurudia. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana Carpenter, Mkuu wa Idara ya Kazi, ilikiri kwamba mshahara wa Mwafrika ulipimwa kwa mahitaji ya mtu asiye na mke wala watoto, na kwamba haifai kuendelea hivyo.

Katika nchi nyingine jambo hili lilikwisha kuanza zamani. Ujerumani iliweka sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883, ya ajali za kazini mwaka 1884, na ya uzee mwaka 1889. Kenya ilipopata uhuru haikukawia. Mwaka 1965 ilitungwa sheria ya hazina ya akiba ya wafanyakazi, ndiyo NSSF, na mwaka 1966 ikafuata bima ya hospitali.

Sasa tutazame hali ilivyo. Mtumishi wa Serikali wa zamani hakukatwa mshahara kwa ajili ya pensheni. Akitimiza utumishi wa miaka 10 au zaidi, na umri wa kustaafu ukifika, alilipwa kutoka hazina ya nchi. Tangu tarehe 1 Januari 2021 watumishi wapya huchanga wenyewe. Kiwango kamili ni asilimia 7.5 ya mshahara, na Serikali hutia asilimia 15.

Kwa mwajiri binafsi, mpango wa pensheni wa kampuni hutegemea hiari yake au mapatano na chama cha wafanyakazi. Lakini NSSF si hiari. Kwa miaka mingi mfanyakazi alichanga shilingi 200 kwa mwezi, na mwajiri 200. Tangu mwaka 2023 kila upande hutoa asilimia 6, kwa kiwango kilichopangwa na sheria ya mwaka 2013. Mwenye mshahara wa shilingi 15,000 hukatwa 900, na mwajiri huongeza 900. Hivyo kila mwezi 1,800 huwekwa kwa jina lake, mahali pa zile 400 za zamani. Kwa matibabu, tangu Oktoba 2024 hukatwa asilimia 2.75 kwa bima mpya ya afya iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1966.

Ajali ina sheria yake ya mwaka 2007. Mtu akifa kazini, au akilemaa kabisa asiweze kufanya kazi tena, fidia ni mshahara wa miezi 96. Kwa yule mwenye shilingi 15,000, hiyo ni shilingi 1,440,000. Mwajiri hupaswa kutoa habari serikalini ndani ya siku 7, na ndani ya saa 24 ikiwa kuna kifo. Madai yasiyopelekwa ndani ya miezi 12 huweza kupotea. Ni wajane wangapi miongoni mwetu waliomaliza miezi hiyo wakiwa bado katika kilio?

Ndugu zetu, fedha hizi si sadaka ya mwajiri wala zawadi ya Serikali. Ni jasho la mtu, lililowekwa kando mpaka siku atakapolihitaji. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini sisi tumeona kwamba akiba huweza kupotea.

Tulimsindikiza mzee mmoja, mwanachama mwenzetu, kwenda kuulizia akiba yake. Alikuwa amefanya kazi katika mashamba manne. Jina lake liliandikwa kwa njia tatu mbalimbali. Shamba moja lilimkata mshahara kila mwezi, lakini michango mingi haikuonekana katika hesabu yake. Hakuwa na barua ya kuajiriwa wala cheti cha utumishi. Alichokuwa nacho ni karatasi chache za mshahara ambazo mkewe alizihifadhi ndani ya kopo la majani ya chai. Kwa karatasi hizo alianza kudai miaka michache. Miaka mingine hakuwa na ushahidi wake. Tulipotoka nje alituuliza, "Je, miaka ile sikufanya kazi?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Baba zetu walivikwa kipande shingoni kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Karatasi ile ilikuwa ya kumlinda mwajiri, nao waliichukia, tena kwa haki. Karatasi za leo humlinda mfanyakazi. Tusizichukie wala kuzitupa.

Basi twawaomba haya. Kwanza, kila mmoja ahifadhi barua ya kuajiriwa, karatasi za mshahara na cheti cha utumishi. Cheti hicho ni haki yake kwa sheria. Pili, mara moja kila mwaka aulize hesabu ya michango yake, naye akiona pengo adai mapema, wakati mwajiri yungali yupo. Tatu, jina katika kitambulisho na katika hazina liwe moja, na warithi waandikwe. Mwenye nyumba mbili asiwaachie watoto ugomvi. Nne, kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi mmoja, kama wengi wa vijana wetu katika mashamba ya maua ya Naivasha, ajue kwamba sheria yaweza kumhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki zake.

Nasi kama chama, twaomba mkutano huu uchague vijana wawili wenye ujuzi wa kompyuta, wakae na wazee Jumamosi moja kila mwezi ili wawasomee hesabu zao. Gharama yake ni ndogo kuliko mchango wa mazishi mamoja.

Yule mzee hatuwezi kumrudishia miaka yake yote. Lakini vijana walioketi nyuma ya ukumbi huu miaka yao ingali mbele. Wasije wakaliuliza swali lile.