Hewa Iliyojificha Ndani ya Injini

(Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama katika sherehe ya miaka kumi)



Waliotangulia kusema wamekwisha kuyasifu mengi tuliyoyapata katika miaka hii kumi, nami sina haja ya kuyarudia. Nimepewa robo saa, na nimeomba ruhusa niitumie kwa jambo dogo likaalo ndani ya malori yetu wala halionekani, yaani hewa.

Kila mmoja wetu ajua ya kuwa kahawa mbivu haingoji. Isipomenywa siku ile ile iliyochumwa, huanza kuchacha, na daraja lake hushuka. Basi lori likilala njiani pamoja na magunia, hasara si ya dereva peke yake. Msimu uliopita lori moja lilisimama hivyo mlimani, siku mbili tu baada ya kubadilishwa mpira wa rejeta. Watu walisema dereva hakutia maji. Lakini injini ilipopoa na kifuniko kufunguliwa, rejeta ilikuwa imejaa hadi mdomoni.

Yawezekanaje gari lenye maji tele lichemke? Maji husukumwa na pampu, hupita ndani ya injini yakachukua joto, kisha huenda kupozwa katika rejeta. Katika njia hiyo pana mlango mdogo uitwao themostati, ambao hufunguka wenyewe maji yakifikia nyuzi 82 hadi 90 hivi. Maji yakimwagwa kwa ajili ya matengenezo, kisha yakarudishwa kwa pupa, hewa hukosa pa kutokea. Hupanda na kujificha mahali pa juu: ndani ya silinda hedi, chini ya themostati, au katika mipira ya hita. Pampu iliundwa kusukuma maji; ikipata hewa huzunguka bure. Themostati nayo huchelewa kufunguka, kwa kuwa hewa haipashi joto kama maji yapashavyo. Hata geji, ambayo dereva huitegemea, yaweza kusema uongo: ncha yake ikiwa katika hewa, huonyesha baridi huku chuma kikiungua. Silinda hedi ya aluminiamu hupinda kwa joto la namna hiyo, na gasketi hupasuka. Gharama yake twaijua sisi tunaotia sahihi hati za malipo.

Nasi wa nyanda za juu yatupasa kujihadhari zaidi. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Mbeya, iliyo kadiri ya mita 1,700 juu ya bahari, huchemka karibu na nyuzi 94. Kinachotuokoa ni mbano wa kifuniko cha rejeta. Kwa hiyo kifuniko kilicholegea kibadilishwe, kisifungwe kwa kitambaa.

Dalili za hewa si ngumu kuzijua. Sauti ya maji yakigugumia husikika nyuma ya dashibodi; hita hupuliza baridi ijapokuwa injini imepata moto; mshale wa geji hupanda na kushuka ghafula.

Kazi ya kuitoa ianze injini ikiwa baridi kabisa. Anayefungua kifuniko cha moto hurushiwa maji na mvuke usoni, na makovu yake hayafutiki. Gari lisimame pua ikielekea juu ya mteremko, ili mdomo wa rejeta uwe juu ya vyote. Hita iwekwe penye joto. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, ilegezwe mpaka maji yatoke bila mapovu, kisha ikazwe. Maji yamiminwe polepole, huku mpira wa juu ukiminywa na kuachiwa kwa mkono. Ndipo injini iwashwe, kifuniko kikiwa wazi, iachwe ingurume taratibu. Mapovu yatapanda, themostati ikifunguka, mpira wa juu utapata moto na maji yatashuka ghafula. Yaongezwe kidogo kidogo hadi mapovu yakome, kisha kifuniko kifungwe. Magari mengine hujazwa katika tangi la pembeni, na kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa.

Mapovu yasipokoma hata baada ya nusu saa, aghalabu si hewa tena, bali ni gesi ya silinda ipitayo kwenye gasketi iliyokufa. Gari hilo ni la fundi, lisipakiwe.

Maji ya mto yana tope na chumvi. Tutumie kulanti iliyochanganywa kama kopo lisemavyo. Lakini nyingi kati ya hizo ni sumu yenye ladha tamu, basi isiachwe penye watoto wala mbuzi.

Sasa nageuka kwa maofisa wenzangu. Madereva wetu wengi wayajua haya kuliko mimi. Wanachokosa ni muda, maana lori halijatoka mikononi mwa fundi, karani amekwisha kuwaita wapakiaji. Naomba Halmashauri iamue leo kwamba kila lori lililomwagwa maji lilale uani usiku mmoja, na asubuhi, likiwa baridi, maji yatazamwe na kuongezwa kabla ya gunia la kwanza kupanda. Najua makarani wa mizani watanung'unika, na katika wiki za mavuno usiku mmoja ni mrefu. Hata hivyo natoa hoja, Bwana Mwenyekiti, na naomba iandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu.