Siku Ufunguo wa Tatu Ulipokwama Buguruni

(Maneno ya mmoja wa washika ufunguo, siku ya kutimiza miaka kumi)



Kwanza kabisa hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Tulipoanza mwaka 2015, walikuwapo waliosema hatutafika hata mwaka wa pili. Wenzangu wamekwisha kueleza habari za hisa, mikopo na mgao. Mimi nimeombwa nizungumzie mizunguko yetu ya kila siku, na namna ya kujigeuza mipango inapokwenda kombo. Nadhani nimechaguliwa kwa kuwa mimi ndiye niliyekosea kuliko wote.

Kwa faida ya wageni, nieleze kidogo. Utaratibu wetu wa sanduku haukuanzia Segerea. Shirika la CARE liliuanzisha pamoja na akina mama wa Niger mwaka 1991, ukaenea nchi nyingi za Afrika. Sanduku linakaa kwa mweka hazina, lakini lina kufuli tatu, na funguo wanazo wanachama wengine watatu. Mmoja asipofika, sanduku halifunguki. Huo ndio usalama wetu, na ndio uliokuwa msiba wetu siku ile.

Ilikuwa Jumamosi moja, katikati ya Aprili 2018, zile mvua zilizofunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani. Mkutano ulikuwa saa tisa alasiri. Mimi nilitoka alfajiri na shughuli nne: kulipa ada ya mtoto, kununua vitambaa Kariakoo, kupitia kwa fundi cherehani Ilala, na kumjulia hali shangazi yangu Buguruni. Ufunguo nikautia kwenye pochi, nikasema saa saba nitakuwa nimerudi.

Jamani, mipango si matumizi. Kwenye ada foleni ilikuwa ndefu. Kufika Kariakoo, mvua ikashika. Muuza vitambaa mmoja akaniambia, "Mama, kama unarudi Tabata ondoka sasa hivi." Nikamjibu kwamba nauli nimeshatoa, siwezi kurudi na nusu ya kazi. Jibu hilo ndilo lililoniponza. Nilizimaliza zote nne. Saa nane unusu nipo Buguruni, daladala zimesimama, maji yametanda. Simu imeisha chaji, na kichwani sina namba ya mwenzangu hata mmoja. Nilitembea kwa miguu kipande kirefu, nikafika Segerea saa moja usiku nimelowa chapachapa.

Sasa sikilizeni yaliyotokea huku. Kulikuwa na mwenzetu ambaye mtoto wake amelazwa, naye alikuwa akiutegemea mfuko wa jamii. Amekaa mkekani anasubiri. Kufuli ya kwanza ikafunguliwa, ya pili ikafunguliwa, ufunguo wa tatu upo Buguruni. Mmoja akasema ivunjwe. Mwenyekiti akakataa: "Tukivunja leo kwa jambo jema, kesho itavunjwa kwa jambo baya." Kisha akafungua pindo la kanga yake, akaweka alichokuwa nacho juu ya mkeka. Wengine wakafuata. Katibu akaandika kila jina na kila shilingi kuwa ni deni la mfuko, na mkutano uliofuata kila mtu akarudishiwa chake. Mwenzetu aliondoka na fedha kabla ya giza, na mtoto alipona. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mimi nilikuta mkeka umeshakunjwa. Hakuna aliyenigombeza. Faini niliilipa, lakini yule mama sikuweza kumtazama usoni kwa muda mrefu.

Tangu siku ile tuliandika mambo matatu kwenye katiba yetu. Mosi, mshika ufunguo akiwa na safari ya mjini siku ya mkutano, anamwachia msaidizi wake ufunguo na wote wawili wanatia saini daftarini. Pili, anayekwama atoe taarifa mapema, hata kwa simu ya kuazima; ndiyo maana kila mmoja wetu anatembea na karatasi yenye namba tatu za wenzake. Tatu, ule mchango wa mkekani ukawa kanuni.

Mambo hayo yalitusaidia Machi 2020, korona ilipoingia nchini na shule zikafungwa. Hatukuweza kukaa tumebanana kama zamani. Tulikuja kwa zamu, tukanawa mikono kwenye ndoo mlangoni, na wasioweza kuja walituma hisa kwa simu mbele ya mashahidi wawili. Hatukubabaika, kwani tulishajifunza kwamba utaratibu unaweza kupinda bila kuvunjika.

Akina mama wenzangu, tuna watoto, wagonjwa, biashara, na daladala zisizo na saa. Siku kwenda kombo si aibu. Ila ikianza kupinda, usijiulize, "Nitamalizaje yote?" Jiulize, "Lipi nikiliacha leo mtu mwingine ataumia?" Hilo lishike, mengine yangoje kesho. Vitambaa vyangu vingengoja. Mtoto wa mwenzangu asingengoja. Na ukiona huwezi, geuka mapema. Nauli iliyopotea ni ndogo kuliko imani iliyopotea.

Leo asubuhi nilikuwa na safari ya Kariakoo. Mmeona wingu lile? Nimeiahirisha. Na ufunguo huu hapa, mkononi.

 Akina mama oyee!