Mwendo wa Gari na Mwendo wa Tembo

(Hotuba fupi iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika kumi, kwa sharti kwamba nisizungumze habari za ofisini kwangu. Sharti hilo nimelipokea kwa furaha, maana hata nyumbani hawapendi kuzisikia. Basi nitasema juu ya mambo ninayoyapenda mwenyewe, yaani pori, magari, na habari za sayansi ninazosoma usiku watoto wakishalala. Mambo hayo matatu hukutana mahali pamoja, napo ni zile kilomita 50 hivi za barabara kuu ya Zambia zinazopita katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Ninyi mliotoka Iringa, Njombe na Mbeya mmepita hapo jana. Sitawauliza mlipita kwa mwendo gani.

Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1964, na lami ikaja baadaye. Wanyama hawakuitwa kwenye kikao. Upande huu kuna majani, upande ule kuna maji, na katikati kuna malori ya shaba, mabasi, na magari ya serikali yenye haraka ya kuwahi semina.

Vijana wa fizikia, hebu tupige hesabu kidogo. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Likienda 100, hukata mita 28. Dereva mzima, asiyesinzia wala kushika simu, humchukua kama sekunde moja kuona kitu na kukanyaga breki. Kisha breki nazo zinataka nafasi yake. Kwenye lami kavu, gari dogo lenye matairi mazuri huhitaji kama mita 14 zaidi likiwa kwenye 50, lakini kwenye 100 huhitaji mita 56. Mwendo umezidi mara mbili, breki zimedai mara nne. Ndiyo ile kanuni ya nishati mnayoikariri bila kujua kazi yake. Jumlisheni: mita 28 kwa huyu wa kwanza, 84 kwa huyu wa pili. Lori lenye mzigo linataka zaidi, na mvua ikinyesha msiniulize.

Sasa ingieni usiku. Ukipishana na gari jingine unashusha taa, na taa zilizoshushwa huonyesha vizuri mita 50 tu au pungufu. Kwa hiyo yule wa 100 anaendesha ndani ya giza, hata kama mwenyewe anadhani anaona. Swala atakusaidia, kwa kuwa nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo, nawe utaona vimulimuli viwili mbele yako. Tembo ni jambo jingine. Ana rangi ya udongo alioogea, na macho yake yako juu ya mwanga wa taa zako. Twiga ndiye mbaya kupita wote. Dume lake huzidi mita 5 kwa urefu na kilo 1,000 kwa uzito, na taa zinakuonyesha miguu minne tu, ambayo kwa mbali huwezi kuitofautisha na miti. Gari hukata miguu, na mwili wote huja juu ya kioo cha mbele.

Niliwahi kukuta ajali ya namna hiyo alfajiri moja, nikielekea Iringa. Utingo wa lile lori alikuwa amekaa kwenye ukingo wa lami ameushika mkono wake uliovunjika, na dereva wake alikuwa bado amebanwa ndani. Tulisaidiana na watu wa basi kumtoa. Yule twiga alikuwa hai bado, akijaribu kuinua shingo. Ng'ambo ya barabara, mbali kidogo, walisimama wenzake wanne wakitazama, na walikuwa bado wamesimama tulipoondoka na majeruhi.

Kuna vifo vingine tunavyovinunua kwa ganda la ndizi. Mwaka 1995 mtaalamu Carlos Drews alichapisha uchunguzi wake juu ya wanyama waliouawa na magari hapo Mikumi, akaeleza kwa namna ya pekee habari za nyani. Nyani si mjinga. Akirushiwa muhindi leo, kesho atakuja na mtoto mgongoni kungoja wa pili. Abiria anacheka, anapiga picha, na basi la nyuma linamalizia kazi.

Nirudi kwa tembo. Zamani ofisini kwetu tulikuwa na dereva mmoja, mzee ambaye sasa amestaafu. Siku moja tulimkuta tembo jike pembeni mwa barabara, ametulia tu, na njia iko wazi. Mzee akazima injini. Nikamwambia, "Mzee, mbona hatuendi? Njia nyeupe." Akajibu, "Tulia bosi. Huyu ameita, hajaitikiwa." Mimi sikuwa nimesikia sauti yoyote. Baada ya kama dakika tano wakatoka majanini upande wa pili tembo watatu na mtoto, wakavuka mbele yetu, wakaondoka pamoja.

Mzee yule hakusoma zaidi ya darasa la saba. Lakini sikilizeni: mwaka 1984 Bibi Katy Payne, mtafiti aliyezoea nyimbo za nyangumi, alisimama karibu na tembo katika bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, akahisi hewa inatetemeka na masikio hayasikii kitu. Ikaja kujulikana kwamba tembo huzungumza kwa sauti nzito mno, ambayo sehemu yake sikio la mtu haliipati. Tena mwaka 2024 Michael Pardo na wenzake walichapisha uchunguzi wa miito 469 ya tembo wa Samburu na Amboseli, kule Kenya. Kompyuta iliweza kutambua mwito ulimlenga tembo gani, mara nyingi kuliko kubahatisha. Kisha tembo 17 walichezewa miito hiyo. Kila mmoja alielekea kuitika kwa nguvu zaidi alipousikia mwito uliomlenga yeye kuliko uliomlenga mwenzake. Sisemi wanabatizana. Lakini inaelekea wanaitana mmoja mmoja, na wewe unayepiga honi katikati yao unakatiza mazungumzo ya mama na mwanawe.

Kwa hiyo mnaorudi kesho, mkimwona tembo mmoja kando ya njia, hesabuni kwamba wapo wengine. Simameni mbali, msipige honi, msipite katikati. Semina itangoja.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Chini ya kiti changu kuna kamba mbili, moja ya mita 28 na nyingine ya mita 84. Baada ya chakula naomba Kidato cha Pili tukutane uwanja wa mpira tuzitandaze, na madereva wote mje kusimama kwenye ncha ya ile ndefu.