Ufunguo wa Bweni Uko kwa Nani?



Tumekuja kuzungumza juu ya jambo linaloonekana kuwa dogo, nalo ni kufuli. Kila usiku wa muhula maelfu ya watoto wetu hulala katika mabweni ya shule. Moto ukizuka saa nane za usiku, ni nani mwenye ufunguo?

Mwezi wa Machi 1998, wasichana 26 waliangamia katika bweni la Shule ya Bombolulu, huko Pwani. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika Shule ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja wa bweni la Kyanguli ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Moto uliwaua watoto hao, lakini kufuli na vyuma viliwanyima njia ya kuukimbia.

Baada ya misiba hiyo, Serikali haikukosa la kuandika. Mwongozo wa usalama uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 waagiza waziwazi: kila bweni liwe na mlango kila upande na mlango wa dharura katikati, milango iwe na upana usiopungua futi 5 na ifunguke kuelekea nje, isifungwe kwa nje wakati wanafunzi wamo ndani, madirisha yasiwe na vyuma, na vitanda viachane kwa mita 1.2. Hata hivyo, moto wa bweni uliwaua wasichana 10 katika Shule ya Wasichana ya Moi, Nairobi, Septemba 2017, na wavulana 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024.

Wako watakaotujibu kwamba kufuli huwalinda watoto. Hatuwabezi. Julai 1991, katika shule ya St. Kizito, Meru, wavulana wa shule hiyo waliwavamia wasichana usiku bwenini. Wasichana 19 walikufa, na wengine wengi wakanajisiwa. Mzazi mwenye binti ana haki ya kuogopa. Lakini mlango waweza kumzuia aliye nje bila ya kumfungia aliye ndani. Komeo liwe upande wa ndani, bawabu awe macho, na mlezi wa bweni alale karibu. Kufuli la nje hupendwa kwa sababu ni rahisi kuliko mshahara wa bawabu, na gharama ya urahisi huo humwangukia mtoto.

Nasi tulio wanasheria twasema kwamba hili si jambo la hisani. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 chasema kwamba maslahi ya mtoto hutangulia katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yawapa wazazi nafasi 6 katika halmashauri ya shule ya umma, na wadhamini nafasi 3. Wadhamini wengi ni makanisa yetu. Basi tusiinyoshee Serikali peke yake kidole. Baadhi ya wanaoweza kuliondoa kufuli hilo huketi nasi ibadani.

Twajua kwa nini mzazi hunyamaza: achelea mwanawe asije akaandamwa. Kwa hiyo asiende peke yake. Siku ya wazazi twende watu kumi, tuombe kuonyeshwa bweni. Tuihesabu milango, tuujaribu ule wa dharura, tuyatazame madirisha, tupime nafasi baina ya vitanda. Tutakayoyaona tuyaandike katika barua kwa halmashauri, nakala moja kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti, na nyingine tubaki nayo. Wakikaa kimya, Kifungu cha 22 cha Katiba kinaturuhusu kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kujisimamia mwenyewe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu twaujua tangu 1998, na badala ya ukuta tumekuwa tukichimba makaburi. Muhula ujao, tukienda kulipa karo, tuulize ufunguo wa bweni uko kwa nani. Tusiondoke hadi tuoneshwe kwamba aliye ndani aweza kuufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe.