Aangukaye Mchezoni Huinuka: Hotuba kwa Wakazi wa Mipakani



Lual Mayen, mwana wa nchi hii, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka 3 ili amnunulie kompyuta; naye akabuni mchezo wa video uitwao Salaam. Mchezaji hukimbia vita, akitafuta maji na chakula.

Vijana, mnapocheza kwa timu, changanyeni makabila na pande zote mbili za mpaka. Aangukaye kwenye skrini huinuka na kuanza upya. Aangukaye kwa risasi hainuki. Wazazi, bunduki iliyofichwa nyumbani isubiri nani? Tunawasihi muisalimishe kituoni.